Fundi wa Vibao na Jina Lisilo na Mwenyewe

Saa nne asubuhi, manyunyu yanashuka Stanmore, kaskazini-magharibi mwa London. Collins Ogola amepiga goti penye kona ya uchochoro mwembamba, anakaza skrubu za kibao kipya: Annis Lane. Anafanya kazi bila kulitamka jina hilo.

Kwa miaka kumi na mmoja fundi huyu kutoka Ugenya, Kenya, amefunga vibao zaidi ya elfu nne. Kwake majina yalikuwa maandishi tu. Hili limemtia baridi.

Kwao, mtoto mchanga akilia bila kubembelezeka, hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Akinyamaza, yule aliyetajwa ndiye anayetaka kurithiwa. Bintiye Collins alilia siku tisa. Bibi wa mtoto, mama yake Collins, aliwataja wafu wote kwa simu kutoka Ugenya, hadi akaishiwa.

"Jioni ya siku ya tisa nikamwambia mke wangu, Maureen, wiki ijayo niko job Annis Lane," Collins anasimulia. "Mtoto akanyamaza. Akaangalia mlango kama kuna mtu ameingia."

Wakajaribu tena jina la shangazi yake Collins aliyefariki, kilio kikarudi. Wakasema Annis, kikakatika. Collins hafichi kwamba aliogopa. Mama yake alikata shauri papo hapo: jina limeshaitwa, halirudishwi.

Lakini Annis ni nani?

Kalpana, mzaliwa wa Kisumu aliyeishi uchochoroni humu miaka arobaini na mitatu, amemletea Collins chai ya tangawizi. Anasema majirani wa zamani hawakuwahi kukubaliana. Wengine walidai Annis alikuwa mkunga, wengine kwamba alizamisha watoto kisimani. Maktabani nako Collins alionyeshwa ramani kuukuu yenye jina hilo, bila maelezo. Karani akamwambia huenda hakuwa mtu kabisa, bali shamba tu.

"Mimi napenda hiyo ya mkunga," Kalpana anasema polepole. "Lakini kisima iko, mtoto yangu. Wamefunika na simiti, nyuma ya nyumba yangu."

Collins anakusanya zana zake. Jumamosi ameahidiwa kuona madaftari ya mazishi ya kanisa la jirani, na ana matumaini.

"Kama alikuwa mkunga, nitamshukuru," anasema. "Kama ni yule mwingine, lazima nijue nimempeleka nani nyumbani."

Hadi atakapojua, Maureen hamwogeshi mtoto akiwa peke yake.