Rimu Niliyoihamisha Nyuma

Mwanangu ambaye bado hujazaliwa, niliwahi kuipiga nyundo rimu ya gari la mama, ikiwa baridi, nikidhani natengeneza. Naanza na huo ujinga mwenyewe kabla hujausikia kwa wengine. Nakumbuka ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili. Sasa niko cha tatu, mzee wa kutosha kukushauri.

Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, nao ufunguo wa gari ulikuwa juu ya friji. Nilitaka kuzunguka mtaa tu. Nikajipata kwenye barabara ya Obunga, kiwiko dirishani kama mheshimiwa, nikimpungia mkono kila mwenye macho. Shimo sikuliona. Gari likaruka, usukani ukaanza kutetemeka.

Nyumbani nikakuta ukingo wa rimu ya mbele umebonyea kama sufuria iliyoanguka. Nikagonga mpaka jirani akauliza kama tunajenga. Kisha nikafanya ujanja ambao hadi leo nausifu kidogo: nikalihamisha gurudumu lile nyuma, usukani utulie, mama asijue.

Kesho yake mama alikuwa anampeleka dani, nyanya yangu, Bondo. Tairi ya gurudumu lile ilikuwa imepungua upepo. Nikaijaza kwa pampu ya baiskeli, nikajiambia watafika tu.

Asubuhi ile bado naipenda. Dani na kitambaa chake cheupe, harufu ya mandazi ndani ya gari, naye amekaa nyuma, juu kabisa ya gurudumu langu. Huniita mume wake, kama dani wote huku wanavyowatania wajukuu.

“Mume wangu,” akaniuliza, “nikuletee nini Bondo?”

Mdomo wangu haujawahi kukosa utani hata kwa mwalimu mkuu, lakini nikaushika mlango wa gari.

“Usiende, Dani,” nikasema. Nikaeleza yote.

Mama hakupaza sauti. Tulibeba gurudumu hadi kwa Mzee Owuor, fundi wa rimu. Akalipaka povu la sabuni, na viputo vikajipanga kwenye ufa mwembamba kama unywele.

“Iliyopinda nanyoosha kwa moto na jeki,” alisema. “Iliyopasuka sigusi, Mama, hata ukinibembeleza. Hii ilikuwa imepinda tu. Ni nyundo imeipasua. Nani aligonga?”

Nikaangalia upande wa ziwa, kana kwamba mgongaji angetokea huko.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Tuliikariri darasa la nne, lakini mwalimu hakutaja rimu. Basi sikia, mwanangu: kupinda si mwisho. Kimbilia fundi kabla hujajifanya fundi, na kosa lako usilihamishe nyuma, mahali watu wako wamekaa.

Baraka sina umri wa kuitoa. Nakuachia ya mama, vile alivyosema tukitoka kwa Mzee Owuor:

“Mungu akuweke, kwa sababu umesema kabla sijawasha gari. Rimu nyingine nitapata Kibuye. Mama yangu ningempata soko gani?”