Mama Esperance na Msimu wa Maharage

Mwanangu, kesho unaondoka kwenda kuuguza watu ugenini, kama mimi nilivyotoka Iringa ningali kijana nikaenda Masisi, kule Kongo. Kaa kidogo nikusimulie habari za Mama Esperance.

Alitoka Kingi, kijiji cha karibu, amembeba mgongoni mwanawe Baraka, mtoto aliyekwisha acha ziwa, amekonda kwa njaa hata kulia hawezi. Tukamlaza wodini, tukawa tunamnywesha maziwa ya tiba kidogo kidogo. Alipoanza kufumbua macho, mvua za kupandia zikanyesha. Mama yake akanijia.

"Mama, muniachilie siku kidogo tu, niende nipande maharagi. Bwana yangu alipoteaka mu vita. Batoto benye niliacha kwa nyumba batakula nini?"

Nilikuwa nimechoka, na wodi imejaa. Nikamjibu kwa sauti, kina mama wote wakisikia: "Mama gani wewe, unathamini shamba kuliko mtoto?"

Aliinamisha kichwa, akarudi kitandani. Hakuomba tena. Baraka akapona, wakaondoka mvua za kupandia zimekwisha pita, nami nikajisifu moyoni.

Msimu wa mavuno ulipopita, alirudi. Safari hii alimbeba Esperance mwenyewe, bintiye mkubwa, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi kwa njaa. Hakunikasirikia, mwanangu. Afadhali angenikasirikia. Alisema tu, "Ule mudogo ulimuponesha. Huyu njo ule nilikuwa nakuambia, ule niliacha kwa nyumba."

Tulimhangaikia yule binti kwa kila tulichokuwa nacho. Hatukuweza kumwokoa.

Tulipotoka kuzika, nilimuuliza Papa Bahati, muuguzi mzee wa pale, kama ningeweza kufanya vingine. Akanijibu:

"Dada, tulikuwa bengi mu wodi. Mimi ningemushika ule mutoto, nimunyweshe, mama yake alime. Hata bale bamama bengine bangekubali. Haukutuuliza."



Kwa hiyo nakuomba, mwanangu: mgonjwa akitaka kuondoka, usimkaripie. Muulize nyumbani kumebaki nani, na wanakula nini. Kisha wageukie wenzako, uwaulize mtasaidianaje, maana pengine jibu liko kitanda cha pili na wewe umeshapandisha sauti.

Haya, kalale. Mungu akulinde njiani, akupe moyo wa kusikiliza hata siku utakazokuwa hoi, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.