Maombi ya Nyuma ya Stoo

Kama ungepita kwenye kiwanda cha kahawa kilicho chini ya soko la Githongo msimu ule, saa za jua kali, ungemwona Kananu ameketi nyuma ya stoo, amejifunika leso kutoka kichwani hadi magotini, ameinama. Ungepunguza sauti, kama walivyofanya wengine. Mtu hapigi kelele karibu na mama anayeomba.

Niseme mapema, kabla hujaanza kumsifu. Kananu hakuwa anaomba. Alikuwa anamng'oa mtu nywele za pua.

Alizing'oa kwenye chombo cha mchezo alicholetewa na Kinya, kitinda mimba wake, anayeshinda kwenye kibanda cha kutengeneza simu mjini Meru. Kinakunjwa kama kitabu cha nyimbo, kina vioo viwili, na kalamu ndogo ya plastiki ya kugusia kioo cha chini. Ndani mlikuwa na mchezo mmoja tu, na una wazimu mtupu. Ni vijimchezo vingi vifupi, kimoja hakijapoa kingine kimeingia. Linatokea neno moja la Kizungu, na kabla hujapepesa macho uwe umeshafanya unachoambiwa. Vuta nywele ya pua. Puliza mshumaa, na hapo unapuliza kweli, kwa mdomo wako. Daka mkate unaoruka. Sugua dirisha. Ukichelewa unapoteza roho moja kati ya zile ulizopewa, na roho zikiisha unarudi mwanzo kama mjinga.

Kinya alidhani mama yake atacheka siku moja tu, kisha akiweke kabatini. Hakuvifikiria vidole vya mama yake. Kananu ameshinda nusu ya maisha yake kwenye meza za kuanikia kahawa, akitoa punje mbovu katikati ya nzuri upesi kama kuku anayedonoa. Kwa mchezo ule alikuwa amejiandaa tangu usichana, ila hakuwa amejua.

Na alikuwa na sababu. Gatwiri, mke wa mwanawe Mwiti, alikuwa amelazwa hospitalini Meru na mimba ya kwanza, presha imepanda. Mwiti alikuwa ameambiwa ajiandae, huenda wakampoteza mama, au mtoto, au wote wawili. Kananu aliogopa sana. Alipopiga magoti kuomba, maneno yalikauka na akili ikakimbilia mochari. Lakini kalamu ile ikiwa mkononi, hofu haikupata pa kuketi. Basi akacheza, na aliona haya kucheza, mwanamke mzima wa kwaya ya akina mama, mkaza mwana yuko kitandani, yeye anapuliza mishumaa ya uongo.

Leso ilikuwa ya kuzuia mwangaza, maana juani kioo kile hakionyeshi kitu. Saa sita kahawa hufunikwa kwa magunia ili maganda yasipasuke, na wanawake hupumzika mpaka jua lipoe. Hapo ndipo Kananu alipokuwa akienda nyuma ya stoo. Wenzake waliona ameinama, midomo inacheza, mara anashusha pumzi, mara ananong'ona, "Ai, Yesu," kila roho moja inapompotea. Wakaelewa walivyoelewa. Mama Mwiti amefunga, hali chakula cha mchana, anamlilia Mungu kwa ajili ya Gatwiri. Celina, rafiki yake wa meza za jirani, alikataza hata asiitwe kunywa chai.

Kananu aliyasikia hayo yote akiwa ndani ya leso, akanyamaza. Alijiambia kwamba hajamdanganya mtu, wamejidanganya wenyewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kananu ilikuwa na urefu wa kutosha kumfikisha pabaya.

Siku hiyo wingu lilishuka kutoka mlimani bila salamu. Gunia halizuii mvua, na kahawa iliyokaribia kukauka ikilowa imeharibika, kwa hiyo ni lazima nailoni itandikwe juu na kubanwa kwa mawe. Kila mama ana meza zake. Desturi ya pale haina mjadala: unafunika zako kwanza, ndipo unakimbilia za mwenzio.

Kananu alisikia wakiita, "Mvua! Mvua!" Alisikia miguu ikikimbia na nailoni zikikunjuliwa. Alikuwa amefika mbali kuliko siku zote, amebakiwa na roho moja. Akasema moyoni, nimalize hii tu. Ilipokwisha hiyo, nyingine ilikuwa imeshaingia. Aliinuka aliposikia mtu akilia kwa uchungu.

Celina alikuwa ameteleza, yuko chini kwenye tope, katikati ya meza za Kananu, mkono wa kulia umepinda vibaya. Meza za Kananu zilikuwa zimefunikwa zote, mawe yamepangwa kila kona. Za Celina zilikuwa zinalowa.

Walikuwa bado wanamfunga mkono kwa kipande cha leso simu ya Kananu ilipolia. Alikuwa Mwiti, naye analia, lakini kwa furaha. Gatwiri amepasuliwa, mtoto ni msichana, wote wazima. Wanawake walimkumbatia Kananu pale pale mvuani. Mithika, meneja wa kiwanda, alikuwa akimpandisha Celina kwenye pikapu ampeleke hospitali, na Celina, meno yameumana kwa maumivu, akamwambia Kananu kwamba Mungu amejibu. Kananu alitamani ardhi impasukie.

Mtoto akaitwa Kananu, kwa kuwa msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Alipoletwa nyumbani wanawake wa kiwanda walikuja na uji, ndizi na kuni, na Celina akaja mkono wa kulia umetiwa plasta na kuning'inizwa shingoni, amebeba chupa ya uji kwa mkono wa kushoto. Walimwita mtoto wa maombi. Wakataka kujua Mama Mwiti alimwambia Mungu maneno gani hasa, ili na wao wayatumie. Kananu akajibu kwamba hayo ni kati yake na Mungu, uso ukimwaka. Walimsifu kwa unyenyekevu.

Tangu hapo hakuwa na nafasi ya kupumua. Mithika aliagiza kusiwe na kelele nyuma ya stoo. Saa sita kina mama wawili watatu wakawa wanakuja kukaa karibu naye, wamejifunika leso kama yeye. Aliketi ndani ya leso yake bila mchezo na bila maombi, mikono imelala magotini, akingoja jua lipoe. Hata usingizi wa usiku ulimwacha. Mwishowe akakitia chombo kwenye mfuko wa aproni ili akamrudishie Kinya jioni.

Mchana wa siku hiyo Celina alikuja peke yake, akaketi kando yake. Alisema daktari ameona mfupa umeunga vibaya, huenda ukavunjwa tena, na hata hivyo vidole vinaweza visirudi kama zamani. Kwenye meza za kahawa, mama asiye na vidole vya mkono wa kulia hana kazi.

"Niombee, Mama Mwiti," akasema. "Wewe Mungu anakusikia."

Kananu angeweza kuomba. Maneno yapo, kila mtu anayajua. Akatia mkono mfukoni, akatoa chombo, akakifungua mapajani pake. Kikatoa kimuziki chake cha kipumbavu, na pua kubwa ikajaa kwenye kioo.

"Hii ndiyo nilikuwa nafanya," akasema. "Sikuwa naomba."

Celina aliitazama ile pua mpaka muda wake ukaisha na roho moja ikapotea.

"Hata ile siku ya mvua?"

"Niliwasikia mkiita. Nikasema nimalize kwanza."

"Na Gatwiri alikuwa theatre, anapasuliwa."

"Alikuwa theatre. Nilijaribu kuomba nikashindwa. Nilikuwa naogopa sana."

Kananu akangoja atukanwe. Alitaka atukanwe, hata mbele ya watu, apumzike.

"Mimi nilikuwa naomba," Celina akasema polepole. "Nikikimbia na nailoni yako nilikuwa namwombea Gatwiri. Nilidhani tuko wawili."

Kananu akalia. Upande wa pili, karibu na meza, wanawake walikuwa wamesimama wanawatazama. Mmoja alikuwa ameshavua kofia yake, kwa heshima ya maombi. Celina aliwaona. Akafunga kile chombo, akaivuta leso kwa mkono wake mzima, akamfunika Kananu, kisha akajiingiza na yeye.

"Inama," akasema. "Wanatuangalia."

Kananu akainama. Mle ndani ya leso alingoja Celina aanze kuomba. Celina naye alikuwa akimngoja yeye.