Mwalimu Anataka Kuyachora Upya Macho Binti Yangu Aliyoachiwa na Baba Yake

Admin, naomba ufiche jina langu na la mtoto. Doha ni kubwa lakini Wakenya tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, Mkamba, nakaa Al Rayyan na nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno kule Al Sadd. Mwaka jana nilifiwa na mume wangu. Alikuwa Mfilipino, fundi wa spika hotelini. Tulijuana kanisani, kwaya yao ikitoka na yetu ikiingia. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, tukamsafirisha kwao, akazikwa kando ya mama yake. Aliniachia binti mmoja, sasa ana miaka kumi.

Mtoto huyu anacheza baleti, ile dansi ya kunyoosha mguu mpaka kidole cha mwisho. Baba yake ndiye aliyemwanzisha. Alikuwa akienda kutengeneza spika kwenye studio moja hapa mjini, akawa anamchukua, na mtoto akawa anasimama mlangoni akiiga mpaka mwalimu akamwambia, "Basi ingia." Kuanzia hapo Tatay, ndivyo alivyomwita baba yake, akawa ndiye wa kumshonea lastiki za viatu, kwa sababu mimi na sindano hatupatani. Aliketi kwenye kochi, uzi mdomoni, anashona, anavuta, anashona tena. "Anak," anamwambia, yaani mwanangu kwa lugha yao, "kiatu kikichomoka jukwaani aibu ni yangu, si yako."

Kila Desemba studio huwa na onyesho. Kuna wasichana wanaocheza theluji, wote nguo nyeupe, na hiyo ndiyo kila mtoto anaitaka. Halafu kuna ngoma fupi ya Wachina. Wanatoka na kofia pana, vidole juu, wanatikisa vichwa kama kuku wanaodonoa, watu wanacheka, wanarudi ndani. Miaka miwili mfululizo binti yangu amekuwa Mchina, pamoja na mtoto wa Kihindi na mwingine wa Kinepali. Mchina mwenyewe hayumo hata mmoja.

Mwaka huu alijua theluji ni yake. Mazoezini wenzake wakisahau hatua walikuwa wanamwangalia yeye. Siku ya kugawiwa nafasi akatoka, akaketi karibu nami kwenye basi, akasema, "Mchina tena."

Nikaenda kumwona mwalimu, ni mama wa Kizungu, tunamwita Madam.

"Madam, kuna mahali anakosea? Niambie nimsaidie nyumbani."

"Hapana, ni hodari sana. Lakini theluji lazima wafanane, mama. Jicho la mtazamaji lisikwame kwa mmoja."

"Na huko Uchina amefikaje? Baba yake alikuwa wa Ufilipino, mimi ni wa Machakos."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Jukwaani ni kitu kimoja. Ngoma hii imechezwa hivi tangu zamani. Na anapendeza!" Kisha akanishika mkono, akaniuliza kama siku hizi ninakula vizuri. Wapendwa, ningemgombezaje? Huyu ndiye aliyekuja na maua siku ya kumuaga mume wangu, na akalia.

Wiki iliyopita nikamkuta mtoto bafuni mbele ya kioo, amevuta macho kwa vidole.

"Unafanya nini?"

"Madam amesema macho yangu hayajatosha. Atayaongeza kwa wanja mpaka huku." Akanionyesha karibu na sikio.

Macho yale nayajua. Baba yake akicheka yalikuwa yanafungika kabisa, namwambia, "Fungua, utagonga ukuta," naye anazidi kucheka. Mtoto alipozaliwa, mama yangu alimwangalia kwenye simu akasema, "Kwa huyu sisi tumepewa nywele tu." Sasa kwenye theluji hafanani nao, na kwenye Uchina macho hayatoshi. Mtoto huyu atatosha wapi?

Nilimwandikia Madam nikaomba acheze bila kupakwa. Akajibu kwa upole kwamba asiyepakwa hapandi jukwaani, kundi ni moja.

Rafiki yangu mmoja, askari wa geti, nilipomweleza alinishangaa. "Wee! Mtoto ako stejini Doha unaleta siasa ya macho? Si ni wanja tu, ataosha. Sisi tunaitwa majina hapo kwa geti kila siku na tunasema sawa bosi."

"Lakini wewe una miaka arobaini," nikamwambia.

Akasema, "Basi mtoe."

Nikaamua kumtoa. Nilipomwambia mtoto hakulia. Alienda chumbani akarudi na viatu vipya. Ni vya mwisho alivyoshonewa na Tatay, alivinunua mwaka jana vikubwa kidogo makusudi, akasema hivi ni vya Desemba ya mwakani. Hakuifikia.

"Mwaka mwingine havitaniingia, Mama."

Nikamwambia avivae, nikabonyeza mbele. Kidole tayari kimefika mwisho. Lastiki haijalegea hata uzi mmoja.

"Nitakuwa Mchina tu," akasema. "Nitatikisa kichwa. Wewe usiangalie uso, uangalie miguu."

Madam anataka jibu Alhamisi. Nimekasirika na sina wa kumkasirikia, maana kila mtu ananijibu vizuri. Nikimtoa, kazi ya mwisho ya mikono ya baba yake itabaki kabatini. Nikimwacha, nitaketi pale gizani watu wakiyacheka macho ya mume wangu, nami nimeinamia miguu. Ninyi mliolea watoto ugenini, na ninyi mliobaki peke yenu kama mimi, mngemjibu nini mtoto huyu? Msinitukane, niambieni tu. Nitasoma yote.