Bosi, Paka wa Verlyn Skaar

Watu wanaosema paka ni mnyama wa bure hawakumjua Verlyn Skaar. Mimi nimeendesha lori la maziwa huku kwetu Wiskonsin mpaka mgongo ukagoma, na banda la Verlyn lilikuwa kituo changu cha mwisho kila asubuhi, kwa hiyo najua ninachokisema. Alipouza ng'ombe wake, nilimwona kama mtu aliyekwisha kufa. Mkewe Ardis alikuwa ameshazikwa. Mwanamume aliyeamka saa kumi na moja alfajiri tangu utotoni, halafu ghafla hana hata chuchu moja ya kukamua, huyo kwa kawaida hamalizi mwaka.

Kilichomzuia ni paka. Bandani walikuwapo wengi, wakisubiri maziwa ya kwanza ya kila mkamuo, na maziwa yalipokatika wakatawanyika kwa majirani. Akabaki mmoja, dume la rangi ya chungwa, ncha za masikio zimeliwa na baridi. Likaja kwenye mlango wa jikoni likapiga kelele mpaka likafunguliwa. Ardis hakuwahi kuruhusu paka ndani ya nyumba yake, na Verlyn aliniambia kwamba aliangalia nyuma kwanza kabla ya kufungua. Akamwita Bosi, maana ndivyo tunavyowaita ng'ombe huku wakati wa kurudi kutoka malishoni, na mdomo wake ulikuwa umezoea.

Basi Bosi ndiye aliyekuwa akimwamsha. Alikuwa akimkalia kifuani saa ileile ya kukamua na kumkodolea macho. Verlyn alilazimika kusimama amwekee chakula. Akishasimama, anachemsha kahawa. Akishachemsha kahawa, anakula kitu. Mzee aliyekuwa anaweza kumaliza wiki nzima bila kufungua kinywa sasa alikuwa akibishana na paka kuhusu theluji, na mara nyingi alishindwa. Panya wakahama. Usiku wa baridi Bosi alilala juu ya magoti yake mabovu, na Verlyn aliapa kwamba hakuna dawa ya kuchua iliyowahi kumsaidia vile. Hata daktari alipompima presha akashangaa imeshuka, akamuuliza anatumia dawa gani mpya. Verlyn akamwambia ni ile inayoacha manyoya kwenye suruali.

Desemba iliyopita akateleza kwenye barafu ya ngazi ya nyuma, nyonga ikavunjika. Alirudi kutoka hospitali akitembelea chuma cha miguu minne, amekonda, na binti yake aliyeko Seattle akawa anapiga simu kila jioni kumwambia hawezi tena kuishi peke yake. Verlyn hakubisha. Aliniambia mimi tu, huku akiangalia dirishani, kwamba yeye ataenda popote wanakotaka, mradi Bosi aende naye.

Na nafasi ilikuwapo. Nyumba ya wazee ya hapa mjini inaruhusu paka kwenye vyumba vichache vya chini, na kimoja kilikuwa wazi. Meneja wake mpya, dada mmoja anaitwa Kimberly, mchangamfu kweli, ametokea Arizona, akaja mwenyewe nyumbani kwa Verlyn. Akamkuna Bosi shingoni, akasema chumba kina dirisha la jua na paka atalipenda. Verlyn akajibu kwamba lazima yuko mtu mwenye shida kuliko yeye. Kimberly akamuuliza kama ana hakika. Akasema wampe tu mwingine, yeye asiwasumbue.

Sasa, mtu wa huku angeelewa. Huku kwetu ukikaribishwa kitu, mara ya kwanza unakataa, mara ya pili unakataa, ya tatu ndiyo unapokea, tena kwa shingo upande, kama unamfanyia hisani anayekupa. Ukipokea mara ya kwanza watu wanajua ulilelewa zizini. Lakini Arizona hawana mambo hayo. Kimberly alimshukuru kwa moyo wake mzuri, akanywa kahawa yake, akaenda zake.

Verlyn alibaki anasubiri aulizwe mara ya tatu. Nilimkuta na simu mezani pembeni ya sahani. Nikamwambia, "Verlyn, mpigie wewe." Akaniangalia kama nimemwambia avue nguo kanisani. "Atapiga," akasema. "Mtu haombi kitu alichokikataa."

Hasira zilinipanda. Nikampigia Kimberly mimi mwenyewe, hapohapo jikoni. Akasema chumba kimeshapata mtu.

"Lakini nilimuuliza," akasema. "Mama Lorna, nilimuuliza mara mbili."

Ningemlaumu kwa lipi? Alimuuliza mara mbili. Verlyn alikuwa amesikia yote. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi, na Bosi alikuwa amelala juu ya kiti cha Ardis akiota jua.

Chumba kingine kilichopatikana kilikuwa wilaya ya jirani, mwendo wa saa nzima, na huko mnyama haruhusiwi hata kwa kutembelea. Nilimwambia Verlyn nitamchukua Bosi mimi. Akakataa, akasema mume wangu Roy ana pumu na paka anamkaba. Ni kweli. Lakini nina karakana nyuma ya nyumba. Nikakaa wiki nzima huko, nikaziba nyufa, nikafunga hita, nikatandika blanketi, Roy akinicheka kwamba paka anapata hoteli. Jumamosi asubuhi nikachukua kikapu cha paka nikaenda kumchukua, Verlyn apende asipende, maana Jumatatu binti yake alikuwa anakuja kumhamisha.

Nilipishana na gari la daktari wa mifugo kwenye njia ya kuingilia kwake. Akapunguza mwendo, akaniinulia mkono, hakusimama. Nilielewa kabla sijazima injini.

Verlyn alikuwa ameketi jikoni, amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Miguuni pake palikuwa na sanduku la kadibodi limefunikwa kwa sweta la Ardis. Aliona kikapu mkononi mwangu, akakwepesha macho ili nisione aibu.

"Nimekutengenezea karakana," nikasema. "Kuna hita."

"Najua. Roy aliniambia kanisani." "Ana miaka kumi na minne, Lorna. Amezoea kulala juu ya mtu. Angekaa huko anasikiliza mlango."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia wewe mzee, kichwa chako kigumu, adabu zako hizi zitakuzika. Badala yake nikakaa, nikalia, na yeye akanisukumia leso yake ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya pasi. Alisema daktari alikuwa mpole, na sindano ya kumlaza ilipoingia Bosi alikuwa magotini pake na hakushtuka hata kidogo.

Tatizo lilikuwa ardhi. Februari hapa ardhi imeganda kama jiwe, hata waliokufa wa kanisani wanasubiri kwenye chumba cha kuhifadhia maiti makaburini mpaka majira ya kuchipua, na kwa nyonga ile yeye hata koleo asingeliinua. Tulimpeleka Bosi kwenye chumba cha tangi la maziwa, baridi imhifadhi, mimi nimebeba sanduku, yeye na chuma chake nyuma yangu, hatua kwa hatua kwenye theluji. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Nikaliweka sanduku juu ya sakafu ya saruji.

Verlyn alisimama mlangoni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo mno, "Aprili, ardhi ikilainika, ungemzika hapo upande wa malisho? Kama si usumbufu."

Nikasema si usumbufu. Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote, na sijawahi kumsikia akimwomba mtu yeyote kitu kingine.