Rehani ya Kombi

Kombi yetu haikunywa maji, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Magari mengine yaliyopita njia za Kibaha na Kisarawe yalisimama kila baada ya mlima, dereva akafungua boneti na kuomba maji nyumba ya jirani. Kombi ina injini nyuma, na inapozwa kwa upepo. Baba aliwaeleza watu hivyo mpaka akachoka. Wao walitazama mbele wakaona hakuna injini, wakangoja aombe hata kata moja ya maji, hakuomba, wakaulizana gari lile linakunywa nini.

Na sisi wenyewe tuliwasaidia kutushuku. Baba aliinunua kwenye mnada wa mradi uliofungwa, ikiwa tayari imepakwa rangi nyekundu iliyoiva. Mama, kwa kuwa jua lilimchoma mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya, akashona mapazia mazito ya madirisha. Basi ikawa gari jekundu, lina mapazia, halinywi maji. Siku zile hakuna mtoto wa Pwani ambaye hakuwa amesikia habari za mumiani, watu waliosemekana kuzunguka na gari wakimkamata aliye peke yake na kumtoa damu wakauze. Majirani zetu wa Kibaha, watu waliosoma, walizicheka hadithi hizo. Lakini niliwaona wakiwaita watoto wao ndani baba akiwasha gari alfajiri. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na sababu yake nyingine: mtu wa mshahara amepata wapi gari la watu wanane, wakati nchi nzima inahimizwa kufunga mkanda? Alipita jioni, akasalimia, akachungulia kwenye mapazia, akaenda zake.

Mimi sikuwalaumu sana. Nimezaliwa na moyo wa kushuku. Hata leo ukinipa peremende nitauliza kwanza ni nani aliyeikataa.

Likizo moja, si muda mrefu baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vipya, tulikuwa tunarudi kutoka kwa wazazi wa baba, tukasimama Marui kununua mihogo. Watu wa pale walikuwa wamekusanywa kutoka huku na huku, nyumba mpya zimepangwa mstari, na hata wao kwa wao walikuwa bado wanatazamana kwa jicho la pembeni. Tukiwa tunapakia mihogo akaja kijana mmoja anakimbia, shati wazi, jasho linamtiririka.

"Ndugu, nisaidie," alimwambia baba. "Mke wangu yumo kwenye uchungu tangu jana. Mkunga amenawa mikono."

"Mlete," baba akasema, akaanza kuishusha mihogo.

Wakamleta mwanamke juu ya kitanda cha kamba, uso umekuwa wa majivu. Nyuma yake alikuja mama yake mzazi, bibi mfupi, kanga ameifunga kifuani kama mtu anayekwenda kupigana. Alipoiona kombi akasimama mbele ya mlango.

"Mwanangu haingii humo."

"Mama, atakufa," mkwe wake akasema.

"Akifa hapa nitamzika. Akiingia humo nitazika nini?"

Hakuna aliyesema bibi amekosea, na hakuna aliyesema amepatia. Mkwe akaapa kwamba yeye mwenyewe ataongozana na mkewe. Bibi akamuuliza, "Na wakikuchukua na wewe?" Hapo mama yangu akashuka garini na mdogo wangu mgongoni. Akasema, "Basi mimi nitabaki hapa, mnishike mimi mpaka warudi."

"Mke huolewa mwingine," bibi akamjibu. "Abaki mtoto." Akanyoosha kidole kwa mdogo wangu.

Baba akasema haraka, kwa maoni yangu haraka mno, "Huyo ananyonya. Abaki huyu." Akaniwekea mkono begani, akanisogeza mbele.

Wakampakia mwanamke, mama akaingia nyuma kumshika kichwa, na kombi ikaondoka kwa njia ya Kisarawe. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya mihogo yetu.

Sitasema niliogopa, ingawa niliogopa. Nilichokuwa nacho zaidi ni hasira. Neno lile "huyu" lilinikaa kooni. Watu wa Marui hawakuniita kwa jina, wala hawakuuliza ninasoma darasa la ngapi. Bibi alinikalisha mkekani barazani kwake, akakaa kati yangu na njia. Akaleta ugali wa muhogo na kisamvu. Sikugusa.

"Unadhani nimekutilia kitu?" akaniuliza.

Akakata tonge upande wangu wa sahani, akalila, akafungua mdomo nione kwamba amelimeza.

"Kula. Mimi sina haja na wewe. Nina haja na baba yako."

Nikala, maana njaa haina adabu. Tulipolala, akafunga pindo la kanga niliyojifunika kwenye pindo la kanga yake, na kila nilipojigeuza alikohoa kunijulisha kwamba yu macho. Mimi pia nilikuwa macho. Baba alikuwa amebaki na mke, mtoto wa kiume na gari. Nilijiuliza, mwanamke yule akifia njiani, baba atarudi Marui kusimama mbele ya watu hawa kwa ajili ya binti mwenye mdomo mrefu? Nililitafuta jibu, na nililolipata sikulipenda.

Kombi ilirudi kesho yake mchana. Wakashuka baba na mkwe wa bibi, peke yao. Wanawake wakaanza kulia kabla hawajauliza.

"Yu hai!" mkwe akapaza sauti. "Amejifungua, mtoto mzima. Wamebaki hospitali na mke wa huyu ndugu."

Bibi hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama plasta iliyobandikwa kwenye mkono wake, pale unapokunjika.

"Wamekutoa damu," akasema.

Sitasahau jinsi watu wale walivyotusogelea. Mkwe akajieleza akibabaika: mkewe alipoteza damu nyingi, wakahitaji ya kumwongezea, yake wakaipima haikulingana, wakachukua ya huyu ndugu. Baba akakunja shati. Na yeye alikuwa na plasta. Bibi akaushika mkono wake, akaibonyeza ile plasta kwa dole gumba mpaka baba akakunja uso. Hakusema asante. Alisema, "Nipelekeni nikamwone mwenyewe," akanishika mkono, akaingia nami kwenye kombi. Njia nzima hakuniachia. Kila mara gari liliporuka kwenye shimo alinibana zaidi, na baba alikuwa anatutazama kwenye kioo.

Hospitalini mwanamke alikuwa amelala ubavu, dhaifu, mtoto pembeni. Bibi akamgusa paji la uso, akamgusa miguu, akafunua kanga akahakikisha mtoto ni mzima. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na kuniachia mkono.

Mama alinivuta kifuani. Mwoga wa sindano kuliko baba sijapata kumwona. Sindano ya malaria tu ilimfanya alale chini. Basi nikamuuliza mama, kwa shuku, kama kweli ni baba aliyetoa damu.

"Alikataa," mama akasema kwa sauti ya chini. "Mganga alipomtazama, baba yako alisema yeye ni dereva tu, kazi yake imekwisha. Akatoka, akaingia kwenye gari, akaliwasha. Nikasema moyoni, huyu anaondoka. Halafu akazima. Akarudi amekwisha kunja shati. Akawaambia, 'Toeni. Mwanangu yuko kwao.'"

Nilianza kulia hapohapo, nikimpenda baba na kumchukia kwa pumzi moja. Nilipoinua macho niliona bibi ananitazama. Alikuwa amesikia yote, na hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Haya, nenda kwenu sasa," akaniambia. "Mwambie baba yako asante."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu, na mpaka leo sijui nilikuwa nimemkasirikia nani kati yao wawili.