Tulimchagulia mdogo wetu profesa wa barua ya udaktari kama tunavyochagua msemaji wa posa

Wakuu, habari za humu. Mimi husoma sana na kuandika kidogo. Haya yametupata sisi wenyewe, na sijaongeza chumvi.

Siku ya kikao, Columbus hapa Amerika, mtaa wa Linden, sebuleni kwa mdogo wangu Amani, tulikuwa watano: Amani mwenyewe, mke wake Neema, Papa Mapendo, mzee wa kanisa letu, Furaha, kitinda mimba wetu, na mimi, dada yao mkubwa, niliyekuja kwa gari kutoka Louisville baada ya shifti. Ilikuwa 2015.

Furaha alikuwa anasoma chuo kule Buffalo na anaomba nafasi medical school, shule ya udaktari. Barua nyingine zote za walimu za kumpendekeza alikuwa nazo. Ilibaki moja, ya profesa wa sayansi.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Niliacha shule darasa la sita nikawalea hawa wawili. Barua za chuo sizijui. Vikao navijua.

Kwetu, milimani Kivu ya Kusini, ukienda kuposa unatafuta msemaji mwenye heshima kuliko wote. Hata kama hamjui kijana, jina lake linatosha. Na mtu aliyewahi kuona aibu ya kijana humpeleki. Anaweza kuropoka.

Donc, na profesa tukamchagua hivyo hivyo.

Furaha alitaja wawili. Mmoja ni mkuu wa idara, aliyemfundisha kwenye ukumbi wa watu mia tatu. Wa pili ni mwalimu wa kemia, mwanamke, bado kijana.

"Huyu wa kemia ananijua," Furaha akasema. "Nilianguka mtihani wake wa kwanza, halafu..."

Papa Mapendo akamkata. "We mutoto, alikuona ukianguka, na unataka akusifu? Chukua mukubwa. Sahihi ya mukubwa haiulizwe."

"Papa, huku si kwa chifu," Amani akasema.

"Na weye, tangu lini ulisomea udaktari?"

"Bon, nakunywa chai yangu."

Tukacheka. Furaha hakucheka. Akanigeukia mimi, yaya wake, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa: "Yaya, wewe unasemaje?"

"Mkubwa," nikasema. "Imekwisha."

"Sawa, yaya."

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha Furaha akapiga simu.

Alikuwa ameenda kwa mkuu wa idara. Mzee wa watu alimpokea vizuri, akafungua kompyuta, akatafuta jina lake, akamwambia ukweli: "Nikikuandikia, nitaandika alama zako, na hizo wanazo tayari. Barua baridi itakuumiza. Nenda kwa mtu anayekujua."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya deadline. Na Furaha alikuwa anaona haya kwenda kwa mwalimu wa kemia. "Atajua alikuwa chaguo la pili, yaya."

Hapo niliogopa. Bila barua hiyo faili lake lisingesomwa kabisa. Angengoja mwaka mzima, kwa neno langu mimi.

Nikaomba off ya siku mbili, nikaendesha hadi Buffalo. Nililala chumbani kwake, mtaa wa Kensington-Bailey, asubuhi tukapanda basi kwenda chuoni, Amherst.

Ndani ya basi akaniambia, "Yaya, kule usiongee sana."

"Mimi ndiye mzazi."

"Ndiyo maana."

Tulimkuta mwalimu anakula mkate juu ya rundo la karatasi za mitihani. Furaha akajieleza kwa kigugumizi. Mwalimu akaweka mkate chini.

"Nimekungoja uniombe tangu Aprili," akasema. "Nilidhani hunitaki."

Kisha akanigeukia mimi. "Unajua mtihani wake wa kwanza alipata ngapi?"

Nikajua tumekwisha.

"Thelathini na nane kwa mia. Halafu akaja hapa kila Alhamisi, muhula mzima. Mwishoni yeye ndiye aliyekuwa anawaelekeza wenzake waliongoja pale mlangoni."

Alhamisi! Wakuu, mimi Alhamisi nilikuwa napiga simu haipokelewi, kisha namsema kwamba Amerika imemharibu.

"Hayo ndiyo nitakayoandika," mwalimu akasema.

"No, madam!" Nikaruka na Kiingereza changu cha warehouse, kule ghalani ninakofanya kazi. "Please, hiyo ya thelathini na nane uiache!"

Furaha akafunika uso kwa mikono. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Dada, hiyo ndiyo barua yenyewe."

Barua ilitumwa moja kwa moja kwa wanaochagua, na Furaha alisaini kwamba hataisoma, ndivyo wanavyotaka huku. Sisi tulioishi kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi tunajua karatasi usiyoiona inavyoweza kukufunga. Sikutulia miezi kadhaa.

Siku ya interview, daktari mmoja alimwambia Furaha: "Tueleze kuhusu Alhamisi zako." Akaeleza.

Baadaye alinipigia nikiwa kwenye break. "Yaya, wamenichukua."

Nililia nimekaa juu ya pallet ya mizigo. Supervisor akaja mbio kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Safari hii hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo wakuu, mwenye mtoto au mdogo anayetafuta barua: usiulize profesa ana cheo gani. Uliza anaweza kusema nini juu yake bila kufungua kompyuta. Na muombe mapema.

Mwalimu nimeshamshukuru. Papa Mapendo anawaambia watu ni maombi yake, na mimi nimemwachia.

Furaha ndiye bado sijamuomba radhi. Nilimwamuru mbele ya watu, akatii huku anajua ninakosea. Kwetu, mkubwa aliyekaa mahali pa wazazi hamuombi radhi mdogo, na sijui hata sentensi inaanzaje. Nimejaribu mara mbili kwa simu, nikaishia kumuuliza kama amekula.

Deni hilo bado liko kwangu. Kama kuna aliyewahi kumuomba radhi mtu aliyemlea mwenyewe, aniandikie hapa chini alianzaje.